Sheria 41 za Nini?

Nimeshika kalamu ili nizungumze nawe juu ya jambo ambalo sisi wanafunzi hulilalamikia kila siku, kwenye foleni ya bwalo, chini ya miti wakati wa mapumziko na njiani tukirudi makwetu, lakini mara chache sana huliandika. Jambo lenyewe ni sheria za darasa. Nani huzitunga? Zinamfaa nani? Na mbona zimejaa ukutani na bado darasa linageuka soko la Jumamosi mwalimu akitoka tu?

Nitangulie kusema kwamba mimi si adui wa sheria. Chombo cha kuzama hakina usukani, walinena wahenga, na darasa lisilo na kanuni ni chombo cha aina hiyo. Katika darasa letu tuko 56. Hebu fikiria vijana 56 ndani ya chumba kimoja, kila mmoja na malezi ya kwao: huyu anataka kusoma, yule anataka kulala, na wa tatu anataka kusimulia mechi ya jana. Pasipo kanuni, mwenye sauti kubwa ndiye mfalme, na mnyonge atafika kwenye mtihani wa KCSE bila kuuliza swali hata moja. Kwa hivyo sibishani na sheria. Ninachodai ni mambo matatu: sheria ziwe chache, ziwe na sababu zinazoelezwa, na zitungwe na wote zitakaowafunga, mwalimu akiwemo.

Mosi, tuangalie wingi wake. Katika madarasa mengi niliyoyaona, karatasi ya sheria hubandikwa ukutani siku ya kwanza ya mwaka na haisomwi tena mpaka mtu aadhibiwe. Karatasi tuliyoikuta sisi tulipoingia kidato cha tatu ilikuwa na sheria 41. Nilizihesabu moja moja. Thelathini kati ya hizo zilianza kwa "usi" au kwa "ni marufuku." Sheria namba 8 ilisema madirisha yawe wazi ili hewa iingie. Namba 33 ikasema ni marufuku kufungua madirisha ya upande wa barabara, na upande wa pili hatuna madirisha! Namba 17 ilisema, "Usicheke ovyo." Sasa ovyo ni kiasi gani? Namba 26 ilisema, "Usiwe na tabia mbaya." Jameni, hiyo si sheria, hiyo ni dua.

Sheria zikiwa nyingi hivyo hakuna anayezikumbuka, hata mwalimu. Naye mwalimu, kwa kuwa ni binadamu, hutumia ile inayomjia kichwani siku hiyo, hasa akiwa amekasirika. Leo kumwomba jirani rula ni kosa, kesho si kosa. Mwishowe mwanafunzi huacha kusoma sheria akaanza kusoma uso wa mwalimu. "Leo ako aje?" ndilo swali letu la asubuhi. Akiwa na furaha tunapiga gumzo, akiwa amenuna tunatulia kama maji mtungini. Je, ndugu msomaji, hiyo ni nidhamu au ni utabiri wa hali ya hewa?

Pili, sheria nyingi hazina sababu, au sababu zinazo lakini hatuambiwi. Nirudi kwa yale madirisha. Mmoja wetu aliuliza kwa nini yasifunguliwe, akajibiwa, "Sheria ni sheria, keti chini." Baadaye mfanyakazi mmoja wa zamani wa shule ndiye aliyetueleza. Miaka ya nyuma wapita njia walikuwa wakinyoosha mikono wakati wa chakula cha mchana na kubeba vitabu vilivyoachwa kwenye madawati. Kumbe sababu ilikuwepo, na ilikuwa nzuri! Lakini kwa kuwa hatukuielewa, tulikuwa tunayafungua mwalimu akitoka, tunayafunga akirudi, na mchana tunayaacha wazi tukikimbilia githeri. Yaani tulivunja sheria wakati ule ule ilipohitajika, na tukaifuata tukiwa ndani, tukikosa hewa bure. Mtu akiijua sababu ya sheria, anaweza kuilinda hata akiwa peke yake. Asipoijua, atailinda akimwona askari tu.

Sheria nyingine zina sababu nzito kuliko vitabu vilivyoibwa. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001 wavulana 67 walifariki katika moto wa bwenini, katika Shule ya Upili ya Kyanguli huko Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni, na humo imeandikwa kwamba milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na pawe na mlango wa dharura. Ukiisoma sheria hiyo peke yake utaiona ya kawaida tu, kama ile ya kunyoa nywele. Ukiambiwa kwamba nyuma yake wako wavulana 67, hutaweka tena sanduku lako mlangoni. Na tusidhani mambo hayo ni ya zamani. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 watoto 21 walifariki katika moto wa bweni katika Shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Sababu ya sheria ndiyo roho yake. Mwalimu anayetupa sheria bila sababu ametupa mwili usio na roho.

Tatu, tuseme ukweli juu ya ile orodha ya wapiga kelele. Nani asiyeijua? Mwalimu anatoka, kiranja wa darasa anachomoa karatasi, na serikali inaundwa. "Wee, ukigeuka tena nakuandika!" Ukimuuliza kosa lako ni nini, anaongeza alama ya mkwaju mbele ya jina lako, maana yake umezidisha. Katika darasa moja ninalolijua ilifika mahali majina yakawa na bei. Andazi moja, jina linafutwa. Maandazi mawili, linaandikwa la adui yako. Waliokosa pesa za kantini ndio waliokuwa "wapiga kelele" kila wiki, na mmoja wao alikuwa kijana mpole ambaye hata ukimkanyaga atakuomba radhi yeye.

Simlaumu kiranja peke yake. Amepewa kazi ya hakimu, karani na polisi kwa pamoja, naye ni mtoto wa miaka 16 kama sisi. Hakufunzwa, hakuchaguliwa, na hana wa kumkagua. Kazi hiyo inamponza yeye mwenyewe kwanza, kwa sababu chuki yote inayotokana na sheria humwangukia. Historia ya nchi yetu inatuonya. Mwezi wa Mei mwaka wa 1999 viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri waliteketezwa kwa moto wakiwa wamelala katika chumba chao. Hakuna kosa la kiranja yeyote duniani linaloweza kuhalalisha unyama huo, na waliotenda vile walikuwa wahalifu. Lakini mtu mzima mwenye busara akiisikia habari hiyo hujiuliza: kwa nini tunawaweka watoto mahali pa kuchukiwa na watoto wenzao? Kiranja awe msaidizi wa darasa: alete chaki, achukue madaftari, awaite walimu, aseme shida zetu. Hukumu aachiwe mwalimu.

Nne, adhabu zenyewe. Zipo adhabu zinazoiba kile kile tulichokuja kukitafuta. Mwanafunzi amechelewa somo la hisabati kwa dakika kumi, anatumwa akakate nyasi kwa vipindi viwili. Amekosa dakika kumi, tukamwongezea dakika 80! Mwingine hakumaliza zoezi la Kiswahili kwa sababu hana kitabu, anapigishwa magoti nje kwenye kokoto, na kitabu bado hana. Adhabu ya namna hiyo haimfunzi mtu lolote ila kujificha.

Juu ya kiboko, wako wanaosema, hata miongoni mwa wazazi wetu, kwamba mcha mwana kulia hulia yeye, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. "Sisi tulichapwa na tukawa watu," wanatuambia. Nawaheshimu, lakini nina majibu. Kwanza, fimbo imepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka wa 2001. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, sehemu ya 36, imeweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au yote mawili, kwa anayeikiuka. Je, mtu anayevunja sheria ya nchi mbele ya watoto 56 atawafunza vipi kutii sheria ya darasa? Pili, hata kanuni za zamani za mwaka wa 1972, zilizoruhusu kiboko, hazikuruhusu ile ya hasira tunayoijua. Zilitaka uchunguzi ufanywe kwanza, shahidi awepo, na adhabu iandikwe kitabuni. Kwa hiyo anayemcharaza darasa zima kwa sababu mmoja ameguna hawezi kujificha hata nyuma ya enzi za babu yake. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini hukunjwa taratibu. Ukimkunja kwa kishindo huvunjika mgongo.

Tano, kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili, siwezi kuondoka bila kuitaja diski. Wengine huiita monto. Ni kile kibao au kipande cha mfupa kilichokuwa kikivishwa aliyesikika akizungumza lugha ya kwao, naye hukaa akinyemelea wenzake ampate wa kumpa. Wazazi wetu wengi wanaikumbuka, na pengine haijaisha kabisa. Mahali pengine hata aliyeongea Kiswahili alivishwa! Sheria ile haikumfunza mtu Kiingereza. Ilifunza upelelezi. Ilifunza watoto wengi kunyamaza siku nzima ili wasikosee, na mtu hajifunzi lugha yoyote kwa kunyamaza. Hata sisi wapenzi wa Kiswahili tujihadhari. Siku ya Kiswahili ikifika, tusimcheke anayechanganya ngeli wala yule anayeshrabu. Ukimcheka leo, kesho atanyamaza, na Kiswahili kitakuwa kimempoteza mtu.

Baada ya kulalamika, naona ni haki nitoe pia lililo jema. Msomaji asije akasema huyu kazi yake ni kubomoa tu.

Juma la pili la muhula wa kwanza, mwalimu wetu wa darasa aliing'oa ile karatasi ya sheria 41 akaiweka mezani. Akasema, "Hizi si zenu wala si zangu. Tutunge zetu." Alitupa vipindi viwili. Tuligawanywa katika makundi manane, watu saba kila kundi, wa bweni wakichanganywa na wa kutwa, wavulana na wasichana. Kila kundi lilijibu maswali mawili: Ni nini hukuzuia wewe kusoma humu ndani? Na ungependa tufanye nini juu ya hilo? Hakutuuliza tunataka kukataza nini. Alituuliza tunazuiwa na nini. Tofauti hiyo ni kubwa, walimu wapendwa, na naomba muitie maanani.

Mjadala ulikuwa mkali. Kundi moja la wa bweni lilipendekeza kwamba anayechelewa afungiwe nje kipindi kizima. Wengi wakapiga makofi. Hapo akasimama msichana mmoja wa kutwa ambaye kwa kawaida hasemi. Akasema, "Mimi nikija lazima nivuke mto. Wakati wa masika yale magogo yanafunikwa na maji, inabidi nizunguke mpaka daraja la lami. Sasa mkinifungia nje, mtakuwa mnaniadhibu mimi au mnaadhibu mvua?" Darasa lilinyamaza kimya. Wengi wetu tulikuwa tumekaa naye miaka miwili na hatukujua habari za mto huo. Mvulana aliyetoa pendekezo ndiye aliyeliondoa mwenyewe, bila kulazimishwa.

Tukakubaliana hivi: anayechelewa aingie kimya kwa mlango wa nyuma, aketi, kisha wakati wa mapumziko amweleze mwalimu sababu. Akichelewa mara tatu kwa wiki bila sababu, abaki wakati wa michezo akanakili yale aliyoyakosa. Unaona, msomaji? Adhabu ipo, lakini inamrudishia masomo yake, haimnyang'anyi.

Tulipomaliza tulikuwa na kanuni saba tu. Nazinukuu hapa ili darasa lolote linalotaka lizitazame. Moja, anayesema asikizwe mpaka amalize. Mbili, kengele ikilia sote tuwe mahali petu, mwalimu naye pia. Tatu, aliyekosa kifaa aseme kabla ya somo kuanza, asikopekope katikati. Nne, jibu la mwenzako halichekwi, wala matamshi yake. Tano, kitu cha mtu hakiguswi bila idhini yake. Sita, kazi ikabidhiwe siku iliyotajwa, na iwe yako. Saba, anayetoka mwisho afunge madirisha. Ndiyo, yale madirisha! Sasa sababu tunaijua.

Chini ya kanuni hizo tuliandika matarajio, na matarajio si sheria. Sheria inasema mpaka uko wapi. Matarajio yanasema tunaelekea wapi. Asiyefikia matarajio haadhibiwi, anasaidiwa. Mwalimu alitarajia tujaribu kila swali kabla ya kusema halifanyiki, tuulize tusipoelewa, na tusomeane madaftari mtu akiwa mgonjwa. Sisi nasi tulitarajia madaftari yetu yasahihishwe kabla ya wiki mbili kupita. Tulitarajia tusiitwe majina ya wanyama. Tena, na hili lilisemwa kwa sauti ndogo, tulitarajia mtu ambaye karo yake haijalipwa aitwe pembeni, asitajwe mbele ya darasa. Mwalimu aliyaandika yote kwa mkono wake. Sote tulitia sahihi, naye akatia yake mwisho.

Je, mambo yakawa shwari kama peponi? La hasha! Nisiwadanganye. Kufikia juma la tano, watu walikuwa wanazijaribu kanuni kama mtu anayejaribu barafu kwa kidole. Kunakili kazi ya wengine bado kupo, na sijui kama kutakwisha. Kanuni ya nne ilivunjwa na mchezaji wetu hodari wa kandanda, aliyemcheka mwenzake kwa kusema "rara" badala ya "lala." Hakupigwa wala hakutumwa nyumbani. Waliitwa wote wawili mapumzikoni, akaulizwa na mwalimu, "Kanuni hii mliitunga kwa nini?" Alikosa la kusema, kwa sababu ni kundi lake lililoileta. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Aliomba radhi mwenyewe. Kosa hilo hajalirudia, angalau mbele yangu.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi ni kanuni ya pili. Siku moja mwalimu wetu huyo huyo alichelewa dakika kumi na mbili. Tulitazamana. Aliingia kwa mlango wa nyuma! Akaenda mbele, akatueleza kwamba alikuwa ameitwa ofisini, akaomba radhi, akaanza somo. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemdharau. Wanaoogopa kwamba mwalimu akifungwa na sheria moja na wanafunzi atapoteza heshima, wangekuwepo siku ile wangeona heshima ikipanda kama unga wa mkate. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, ndivyo tulivyozoea sheria za shule. Siku ile mkuki uligeuka ukawa fimbo ya kutembelea, ya kumsaidia kila mtu.

Wako watakaosema wanafunzi wakiachiwa kutunga sheria watajitungia za uvivu. Haikuwa hivyo kwetu. Mliona wenyewe, pendekezo kali kuliko yote lilitoka kwa wanafunzi, na mwalimu ndiye aliyetupa nafasi ya kulipunguza makali. Wengine watasema, "Vipindi viwili! Na silabasi itamalizwa na nani?" Swali zuri. Hesabu basi dakika zinazopotea kila siku mwalimu akitafuta nani ameguna, nani ametupa karatasi, nani hana kalamu. Ikiwa ni dakika tano tu kwa kipindi, na kwa wiki tuna vipindi vitano vya Kiswahili, basi muhula wa wiki 13 umepoteza dakika 325, yaani vipindi vinane na ushei katika somo moja. Sisi tulilipa viwili.

Aidha, kuwasikiliza wanafunzi si uzushi wangu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kifungu chake cha 12 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni apewe nafasi ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu. Mwaka wa 2008 mamia ya shule zilikumbwa na migomo. Mwaka uliofuata, 2009, Wizara ya Elimu, wakuu wa shule za upili na shirika la UNICEF walianzisha baraza la wanafunzi wa shule za upili, ili viongozi wa wanafunzi wachaguliwe na wanafunzi na wawe na mahali pa kusemea. Hata hivyo mwaka wa 2016 mabweni yalichomwa katika shule zaidi ya 100. Kwa nini? Sababu ni nyingi na mimi si mchunguzi. Ninalolijua ni kwamba baraza haliwezi kuota mizizi juu, katika ofisi, ikiwa chini darasani mtoto haruhusiwi kuuliza kwa nini dirisha limefungwa. Anayezoea kusema kwa mdomo hana haja ya kusema kwa kiberiti.

Kwa hivyo naleta mapendekezo yangu kwa heshima na taadhima. Kwa utawala wa shule: kila mwanzo wa mwaka, madarasa yapewe vipindi viwili vya kutunga kanuni zao, zisizozidi kumi, ndani ya mipaka ya sheria za shule na za nchi. Orodha ya wapiga kelele ifutwe. Viranja wa darasa wachaguliwe kwa kura ya siri, nao wapewe mafunzo. Kwa walimu wetu wapendwa: tupeni sababu hata kama tutabisha kidogo, adhabu iwe sawa na kosa na isitunyime somo, na kila katikati ya muhula tukae dakika 20 tuulizane ni kanuni gani imefanya kazi na ni ipi imelala. Wadogo zetu wa mtaala mpya wa umilisi wamekuja wakiwa wamezoea kufanya kazi kwa makundi na kutoa maoni. Tusiwarudishe nyuma.

Na kwenu, wanafunzi wenzangu, msidhani nimewasahau. Haki hii ina mzigo wake. Ukishatia sahihi, huwezi tena kusema, "Hiyo ni ya mwalimu." Kanuni uliyoitunga inakudai hata mwalimu akiwa kwenye mkutano, hata kiranja akiwa mgonjwa, hata siku ya mwisho ya muhula mabasi yakiwa langoni. Ikiwa tutaomba kusikilizwa kisha tuvunje tulichokubaliana, tutakuwa tumewapa wapenda kiboko ushahidi wote wanaouhitaji, na hakuna atakayetuuliza maoni tena.

Wino wangu umeanza kukauka na mhariri ananikodolea macho. Anayeona nimekosea na alete hoja yake katika toleo lijalo la jarida hili. Nitaisoma hadi mwisho bila kumkatiza, kama inavyodai kanuni yetu ya kwanza. Wasalaam.